Nani Atatia Viraka Kompyuta ya Kikundi?

Somo la leo linahusu kazi ambayo vikundi vingi havijaiandika popote katika kanuni zao, nayo ni kuisasisha kompyuta ya kikundi. Vijana wanaiita kuapdeti. Wewe ambaye hujawahi kugusa kompyuta usiruke ukurasa huu. Jina lako na akiba yako huenda vimo ndani ya mashine hiyo, hata kama hujui kuiwasha.

Tutazame kwanza hali ilivyo. Kuanzia Masinga mpaka Kathiani, na Mwala mpaka Matungulu, vikundi vya kina mama, vya maji, vya wakulima na vya kukopeshana vimeanza kuweka hesabu kwenye laptopu. Nyingine zimenunuliwa kwa michango, nyingine zimeletwa na wafadhili, nyingine ni mitumba kutoka Nairobi. Ndani yake kuna orodha ya wanachama, nambari za vitambulisho na za simu, akiba ya kila mtu, mikopo iliyotoka na iliyorudi, barua za kuomba msaada, na pengine hata picha za hati za mashamba. Kile kitabu cha jalada jeusi bado kipo kwa mweka hazina, lakini mara nyingi hakijaandikwa neno tangu laptopu ilipofika.

Sasa ulizeni swali moja katika mkutano wenu ujao: Kompyuta yetu ilisasishwa lini mara ya mwisho, na nani aliifanya kazi hiyo? Katika vikundi vingi watu watatazamana. Mmoja atasema, "Kwani haijifanyii yenyewe?" Mwingine atasema, "Yule kijana anajua mambo hayo." Na yule kijana alishaenda Mombasa kutafuta kazi, akaenda na neno la siri kichwani mwake.

KIRAKA NI NINI

Kompyuta haifanyi kazi kwa chuma na kioo peke yake. Inafuata maagizo yaliyoandikwa na watu, na maagizo hayo tunayaita programu. Programu kubwa inayoendesha nyingine zote huitwa mfumo endeshi. Kwenye laptopu nyingi za kwetu mfumo huo ni Windows, ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Juu ya Windows hukaa programu za kazi: Word ya barua, Excel ya hesabu, Chrome ya kufungulia intaneti.

Programu hizi zina mistari mingi mno ya maagizo, na kwa vile zimeandikwa na binadamu, zina makosa. Makosa mengine hayana madhara makubwa: printa inakataa, au herufi zinakaa vibaya. Lakini kuna mengine ambayo ni kama mlango wa nyuma usiojulikana hata na mwenye nyumba. Mwizi akiugundua, anaingia bila kuvunja kitu na bila mbwa kubweka.

Kampuni ikijua habari ya mlango huo huandika kipande cha maagizo cha kuuziba. Hicho ndicho kiraka, na viraka vikikusanywa pamoja vinakuwa sasisho. Microsoft ilianza mnamo Oktoba 2003 kutoa viraka vyake kwa utaratibu wa kila mwezi, na siku yake ni Jumanne ya pili. Kwa saa za kwetu vinaanza kutoka saa mbili au saa tatu usiku, kwa hiyo mtu wa Machakos anaweza kuvipata usiku huo huo au Jumatano asubuhi.

Liko jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Kiraka kinapotolewa, wezi nao wanakisoma. Wanalinganisha programu ya zamani na iliyotiwa kiraka, na kwa njia hiyo wanajua mlango ulikuwa wapi. Aliyetia kiraka amefunga. Ambaye hajatia, hatari yake imezidi kuliko juzi, kwa sababu sasa mlango wake umetangazwa.

Kwa upande huu sisi wa Machakos tuna mwalimu shambani. Wazee wetu walichimba matuta ya fanya juu katika miteremko hii, wakitupa udongo upande wa juu wa mtaro, na sehemu kubwa ya kazi ikafanywa na mwethya. Kila anayelima mteremko anajua kwamba tuta halimaliziki siku linapochimbwa. Mvua ya Novemba ikifungua ufa wa upana wa kiganja, maji ya tuta zima hukimbilia pale pale. Ukiuziba mapema, ni jembe moja na nusu saa. Ukingoja mpaka Aprili, utakuta korongo, na udongo wako uko kwa jirani wa chini.

YALIYOTOKEA MEI 2017

Ijumaa tarehe 12 Mei 2017, programu mbaya iliyoitwa WannaCry ilianza kuenea duniani. Ilikuwa ya aina ya utekaji nyara: ikiingia kwenye kompyuta inafunga mafaili yote yasifunguke, kisha inaandika kwenye kioo kwamba mwenye kompyuta alipe dola 300 kwa sarafu ya bitcoin ndipo afunguliwe. Ilipita kutoka kompyuta hadi kompyuta yenyewe, bila mtu kubonyeza chochote, kwa kutumia kosa lililokuwa katika sehemu ya Windows inayowezesha kompyuta kugawana mafaili. Kwa siku chache ikawa imefika katika nchi zaidi ya 150.

Waliopigwa vibaya zaidi ni pamoja na hospitali za Uingereza. Kati ya mashirika 236 yanayoendesha hospitali za umma kule England, angalau 80 yalivurugwa. Madaktari walishindwa kufungua rekodi za wagonjwa, na magari ya wagonjwa yakaelekezwa hospitali nyingine. Baadaye ilikadiriwa kwamba miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Utekaji ulipunguzwa kasi na kijana mmoja Mwingereza, Marcus Hutchins, aliyegundua kwamba programu ile ilikuwa na swichi ya kuizimia.

Lakini linalotuhusu katika somo hili ni tarehe nyingine. Kiraka cha kuziba mlango ule kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi 2017. Hesabu mwenyewe: zilipita siku 59. Kompyuta iliyotiwa kiraka kile katika siku hizo 59 haikuingiliwa kupitia mlango huo. Zilizoingiliwa nyingi katika hospitali zile zilikuwa na Windows 7, ambayo kiraka chake kilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kukitia.

Sasa mtu atauliza, "Nani atatoka Ulaya kuja kutafuta kikundi cha kuku cha Yatta?" Swali ni zuri, ila WannaCry haikutafuta mtu. Haikujua hospitali wala kuku. Ilikuwa kama siafu: hawaulizi nyumba ni ya nani, wanapita penye ufa. Na hospitali kubwa ina mafundi wa kuamsha usiku. Kikundi kina nani?

Niongeze neno moja ili tusichanganye mambo. Wengi mnakumbuka Julai 2023 eCitizen ilipokwama na watu wakashindwa kupata huduma. Shambulio lile lilikuwa la namna nyingine, la kuujaza mtandao maombi mengi ya uongo mpaka ukazidiwa, kama watu elfu kusimama mlangoni pa duka bila kununua. Kutia viraka kwenye laptopu yako kusingezuia hilo. Viraka vinaziba milango fulani tu, wala si dawa ya kila ugonjwa.

KWA NINI VIKUNDI HAVISASISHI

Tusikilize mazungumzo haya. Tumeyatunga kwa ajili ya somo, lakini sidhani kuna msomaji atakayeyaona mageni.

Mweka hazina: Kijana, kompyuta hii inanimalizia bando. Leo asubuhi nimeweka ya mia, saa nne imeisha na sijatuma hata barua moja.

Fundi: Ni apdeti hizo, mama. Wacha niizime hiyo kitu, haitakusumbua tena.

Mweka hazina: Asante, mwanangu. Ni pesa ngapi?

Fundi: Nipe tu mia mbili ya chai.

Hapa hakuna mwongo. Mama alikuwa na shida ya kweli na fundi akaiondoa. Ila alipozima, alizuia viraka vyote, sio vya siku ile tu. Hakuna aliyeandika kwamba vimezimwa. Miaka miwili baadaye mweka hazina ni mwingine, fundi ni mwingine, na kompyuta inaonekana nzima kabisa. Inawaka, inachapa, inafungua Excel.

Bando ni sababu kubwa na si ya kudharau. Sasisho la mwezi la Windows linaweza kuwa la mamia ya megabaiti, na wakati mwingine linapita gigabaiti moja. Lile kubwa la kubadilisha toleo zima ni gigabaiti kadhaa. Mtu anayetumia hotispoti ya simu hawezi kuachia hilo lijiendee. Lakini dawa si kuzima. Dawa ni kuiambia kompyuta kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo. Ukiunganisha hotispoti, fungua Settings, nenda kwenye jina la mtandao ule, na uwashe palipoandikwa Metered connection. Windows itaacha kupakua sasisho nyingi yenyewe, na itakungoja wewe useme. Tena kuna mahali pameandikwa Pause updates, panapoweza kusimamisha sasisho kwa hadi wiki 5. Huko ni kuahirisha, na kuahirisha kuna tarehe ya mwisho. Kuzima hakuna.

Kisha kikundi kiandike bando ya kompyuta katika bajeti, kama mnavyoandika nauli ya kwenda benki. Mweka hazina asitoe mfukoni mwake. Kazi inayolipiwa na mtu mmoja kwa siri ndiyo ya kwanza kuachwa. Kama kuna mahali penye intaneti isiyo ya kipimo, kwa mfano ofisi ya parokia, shule au saiba mjini, pelekeni laptopu huko mara moja kwa mwezi. Kupakua sasisho la Windows hapo hakuna ubaya. Kufungua akaunti ya benki ya kikundi mahali pa watu wengi ni jambo jingine, msilifanye.

Stima ni sababu ya pili. Sasisho likikatizwa katikati kwa umeme kupotea, mara nyingi kompyuta hurudi ilipokuwa, lakini si kila mara. Kwa hiyo laptopu ijazwe chaji kwanza, na ibaki kwenye umeme wakati wa kazi. Kama betri yake imekufa, au ni kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba, msianze siku ya ngurumo wala siku ambayo Kenya Power wametangaza kukata.

Kuna na sababu ndogo isiyotajwa: kufunga kifuniko cha laptopu si kuizima. Inalala tu. Sasisho nyingi hupakuliwa zikangoja kompyuta iwashwe upya ndipo ziingie. Nendeni kwenye alama ya kuzimia, chagueni Restart, mkangoje. Inaweza kuchukua dakika tano au saa nzima. Hapo ndipo mtu mwenye haraka hubonyeza kitufe cha kuzima kwa nguvu, akaharibu.

MASHINE ZILIZOPITWA

Sehemu hii inawagusa zaidi waliopewa au walionunua mitumba. Kampuni haitoi viraka milele. Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari 2020, Windows 8.1 tarehe 10 Januari 2023, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo hiyo ya Oktoba 2025, Office 2016 na Office 2019 nazo ziliachwa. Kompyuta yenye Windows 10 haikuzimika siku ile. Iliendelea kufanya kazi kama jana, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu milango mipya inayogunduliwa haizibwi tena. Microsoft ilitoa nyongeza ya viraka kwa kompyuta za watu binafsi zenye Windows 10, ikaiwekea mwisho tarehe 13 Oktoba 2026. Mwenye kuitumia alijinunulia muda, hakujinunulia suluhisho.

Je, si mtu ahamie Windows 11? Ndiyo, ikiwa mashine inaweza. Windows 11 inahitaji angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu, gigabaiti 64 za nafasi ya diski, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Kwa mashine za Intel, kwa kawaida inahitajika prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Laptopu nyingi za mitumba zinazouzwa kwa bei ya kuvutia hazifiki hapo, na ndiyo maana bei inavutia. Kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji awaonyeshe kwa macho kwamba Windows 11 imo na imekubaliwa. Nendeni kwenye Settings, mtafute palipoandikwa Activation. Windows iliyovunjwa kufuli, ile fundi anayoweka kwa mia tano, ina hatari mara mbili: programu inayotumiwa kuvunja kufuli mara nyingi imebeba virusi, na wengine huzima viraka ili kufuli lisirudi.

Kama mashine haiwezi na pesa hakuna, ipo njia ninayoiona nzuri kwa kikundi chenye subira. Kuna mifumo endeshi ya bure, kama Linux Mint na Ubuntu. Matoleo yake ya muda mrefu hupewa viraka kwa miaka 5, na mengi huenda vizuri kwenye mashine za zamani. LibreOffice, ambayo pia ni ya bure, hufungua mafaili ya Word na Excel. Shida yake ni kwamba vitufe havikai mahali mlipozoea, na fundi wa mtaani huenda asiijue. Msihamie kabla hamjapata mtu wa kuwafundisha angalau siku mbili. Na kama hamtaki hata hiyo, basi mashine ya zamani iondolewe kwenye intaneti kabisa, ibaki ya kuchapia barua. Akiba za watu zisikae humo.

KUPANGA KAZI

Chagueni watu wawili, si mmoja. Mmoja anaondoka, anaugua, anaolewa mbali. Wasiwe lazima vijana wala waliosoma sana. Mama anayekumbuka siku ya kila mtu kulipa mkopo anaweza kazi hii kuliko fundi anayesahau. Neno la siri la kusimamia kompyuta liandikwe, litiwe kwenye bahasha, bahasha ifungwe na kutiwa sahihi juu ya gundi, ikae kwa mwenyekiti pamoja na cheti cha usajili. Likibadilishwa, bahasha ibadilishwe.

Siku nayo iwe moja. Napendekeza Jumamosi ya tatu ya mwezi; kikundi cha Wasabato kichague Jumapili inayofuata. Ukihesabu utaona kwamba Jumamosi ya tatu huangukia ama siku 4 ama siku 11 baada ya Jumanne ya viraka. Nafasi hiyo ina faida, kwa sababu viraka vyenyewe wakati mwingine vina kasoro. Ijumaa tarehe 19 Julai 2024 kampuni moja ya usalama wa kompyuta ya Marekani, CrowdStrike, ilituma sasisho lenye kosa, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zikagoma kuwaka. Ndege zilikwama, benki zikasimama. Hapakuwa na mwizi, sasisho lenyewe ndilo lililoharibu. Kwa hiyo anayeogopa kusasisha si mjinga. Hofu yake iwe ya kumfanya achukue tahadhari, isiwe ya kumfanya aache. Mkisikia tangazo kwamba kuna shambulio linaloendelea, basi msingoje Jumamosi.

Ofisi ya muungano wa vikundi yenye kompyuta tatu au nne isisasishe zote siku moja. Waanze na ile ambayo kazi haitasimama ikigoma. Waitumie siku chache: ichape, ifungue hesabu, iunganishwe na printa. Ikiwa nzima, waendelee na nyingine. Na kama zote ziko kwenye Wi-Fi moja isiyo ya kipimo, Windows inaweza kuchukua sasisho kutoka kwa kompyuta jirani badala ya kila moja kulipakua upya. Katika Settings tafuteni Delivery Optimization.

Kabla ya kusasisha, nakili hesabu. Hili ningeliweka juu ya mengine yote. Mafaili ya akiba na mikopo yanakiliwe kwenye diski ya nje au flashi mbili, zikae nyumba mbili tofauti. Zikishanakiliwa zichomolewe, kwa maana programu ya utekaji nyara hufunga hata flashi iliyochomekwa. Halafu fungueni faili moja kutoka kwenye flashi, mwone kama linafunguka kweli. Nakala ambayo haijafunguliwa kamwe ni tumaini tu. Mwisho, chapeni ukurasa mmoja wenye jina la kila mwanachama na salio lake, mwekaji hazina na katibu watie sahihi, na ubandikwe ndani ya kile kitabu cheusi. Wapo watakaosema tunarudi nyuma. Mimi naona karatasi haihitaji kiraka.

Kisha kuwe na daftari la kompyuta. Mistari yake ni rahisi: tarehe, kompyuta gani, toleo gani la Windows, nakala imefanywa au la, sasisho limeingia au limekataa, nani alifanya, bando ilikuwa ya shilingi ngapi. Lisomwe kwenye mkutano kama taarifa ya hazina inavyosomwa. Likikataa, andikeni maneno yaliyotokea kwenye kioo kama yalivyo, neno kwa neno, msijaribu kuyafupisha. Fundi akija atayahitaji, na akiondoka naye aandike alichobadilisha. Fundi asiyetaka kuandika, mtafuteni mwingine.

Kuna walaghai wanaojua kwamba watu wameambiwa wasasishe. Ukifungua intaneti kioo kikakuandikia kwa rangi nyekundu kwamba kompyuta ina virusi na ubonyeze hapa kusasisha, au mtu akapiga simu akisema anatoka Microsoft, huyo ni mwizi. Sasisho la Windows halipigi simu. Linapatikana ndani ya Settings, palipoandikwa Windows Update. Na simu za viongozi, hasa ile inayopokea michango ya M-Pesa, zina viraka vyake pia, na zinaachwa na kampuni vile vile zikizeeka.

Msifikiri haya ni mambo ya ofisi kubwa peke yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeweka habari za watu azitunze zisivuje. Mwanachama aliyewapa nambari ya kitambulisho chake aliwaamini, na ana haki ya kuuliza imekaa wapi.

MASWALI YA KUJADILIANA

Kompyuta yetu ikigoma kesho asubuhi, tutajuaje kila mwanachama ana akiba ya shilingi ngapi?

Ni nani wanaojua neno la siri? Wakiwa wote wamesafiri, tutafanyaje?

Je, kuna fundi aliyewahi kuzima sasisho kwenye kompyuta yetu? Tutajuaje?

Katika bajeti ya mwaka huu, bando na diski ya kunakilia vitolewe fungu gani?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Watu wawili waliochaguliwa waiwashe kompyuta mbele ya mwenyekiti. Wabonyeze kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R, waandike winver, kisha wabonyeze Enter. Kitatokea kisanduku kidogo chenye jina na nambari ya toleo la Windows. Wayanakili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Halafu wafungue Windows Update, watafute tarehe ya sasisho la mwisho, nayo waiandike chini yake, hata kama ni ya miaka mitatu iliyopita.